Mitego Kila Mahali, Ila Kwa Baba

Nyinyi mliobaki kazini mmeniomba niandike ninayoyakumbuka, na kwa kuwa tangu nistaafu sina mtu wa kunituma isipokuwa mke wangu, nimekubali. Nimekaa barazani kwangu hapa Lambwe, kiti kimeegemea ukuta, chai iko karibu. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini, kwa sababu hata mimi sikuona tofauti: siku moja nilianza kuitwa jina refu zaidi, na gunia la mitego likabaki zito vile vile. Nitawaeleza habari za mbung'o, za mkojo wa ng'ombe, na za kosa moja.

Kazi hii niliipenda kwa uvivu. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo mama alizifunga kwenye leso yake na hakumwonyesha mtu. Wenzangu wakaenda Kisumu, wengine Nairobi. Mimi nikasikia idara inatafuta mtu wa kutembea bondeni kutega mbung'o, mtu anayejua njia za hapa, na ambaye saa saba mchana anaweza kuwa kwake akila ugali. Sikuuliza swali lingine. Miaka yote ile safari yangu ndefu kabisa ya kikazi ilikuwa Mbita, semina ya siku tatu kando ya ziwa. Samaki walikuwa watamu, kitanda kilikuwa laini, na siku ya pili asubuhi nilikuwa nimeshafunga mkoba.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Oloo, aliyekuwa amezeeka katika kazi hiyo mpaka ngozi ya shingo yake ikawa kama ya kobe. Alinipa ncha moja ya kitambaa cheusi kilichofungwa kwenye fito mbili, yeye akashika ile nyingine.

"Tembea polepole," akasema. "Kama ng'ombe mgonjwa."

"Na kazi yangu ni ipi, Jaduong'?" nikamwuliza; ndivyo tunavyomwita mzee.

"Kazi yako ni kuwa ng'ombe."

Hivyo ndivyo tulivyowahesabu mbung'o wakati huo. Wanapenda kitu cheusi kinachotembea, kwa hiyo wawili hubeba kitambaa na wa tatu hufuata nyuma na wavu kuwadaka. Nilikuwa nimevaa suruali niliyoendea mahojiano, nyepesi kama karatasi. Mbung'o ana mdomo unaopita ngozi ya nyati. Suruali ya mahojiano kwake ni kama mlango uliosahauliwa wazi. Nilifika nyumbani saa saba kamili kama nilivyotaka, lakini ugali niliula nimesimama.

Mzee Oloo hakuwa mtu wa kufundisha. Alisema kitu mara moja, na usipokisikia, shauri yako. Alinifundisha kupaka grisi kwenye mti wa mtego, la sivyo siafu wanapanda na kula mbung'o wote kabla hujafika. "Siafu hawana barua ya kazi," alisema, "lakini kuvuna wanajua." Alinifundisha kwamba buluu ya mtego humwita mbung'o kutoka mbali, na nyeusi ya ndani humwambia atue, halafu hupanda kwenye wavu mweupe na kuishia kwenye chupa ya juu. Na alinifundisha jambo ambalo halimo kwenye fomu yenu yoyote. "Kabla hujahesabu nzi," alisema, "angalia mkia wa ng'ombe. Mkia usiotulia, na mguu unaopiga tumbo, hapo kuna mbung'o. Mkia ukilala, nenda nyumbani."

Sehemu ya kwenda nyumbani niliishika bila shida.

Halafu kuna mkojo. Mtego bila harufu ni kama duka bila jina, na harufu tuliyotumia ni mkojo wa ng'ombe uliowekwa siku kadhaa mpaka wewe mwenyewe unajuta. Nani wa kutoa mkojo? Wananchi. Kwa hiyo nilipita boma kwa boma na mtungi, nikiomba. Ndipo nikaitwa Jamaugo, mtu wa mbung'o, na hilo lilikuwa ndilo jina la heshima. Mengine sitayaandika.

Mtoaji wangu mkubwa alikuwa jirani yangu, Min Auma. Wakati huo alikuwa bibi harusi wa jana. Sasa ni mjane mwenye wajukuu, na ulimi wake haujazeeka hata siku moja. Alikuwa akisimama nyuma ya ng'ombe na mkebe, subira yake ni kama ya mvuvi, huku akinirushia maneno. "Hivi serikali imekosa maji mpaka inakuja kuchota kwa ng'ombe wangu?" Mkebe ukijaa ananipa kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni uji. Ng'ombe wake wa mwisho wa plau nilianza kuwajua wakiwa ndama: Rateng', yule mweusi, na Silwal, yule mwekundu.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kitambaa cha mtego kilikuwa kizuri, na kitu kizuri hakikai porini peke yake. Siku moja niliingia nyumba ya mtu kuomba maji ya kunywa, nikakuta mtego wangu wa buluu umekuwa pazia la jikoni. Nikamwuliza mwenye nyumba. Akajibu bila kupepesa, "Tangu nilitundike hakuna mbung'o aliyeingia jikoni. Sasa kosa liko wapi?" Nilitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika jibu hilo, sikupata.

Lakini kesi iliyonifundisha zaidi ni ile ya upande wa pili wa bonde. Huko tulitega kwa bidii misimu kadhaa mpaka chupa zikawa zinarudi tupu. Tulijipongeza. Kumbe watu nao walikuwa wakiangalia mikia ya ng'ombe. Mbung'o alipoondoka, wao wakaingia: kwanza malisho, halafu mashamba, halafu tanuri za makaa. Miti iliyokuwa imelindwa na mdudu mdogo kuliko kucha yangu ikaisha, na kijito cha huko kikaanza kukauka hata kabla ya kiangazi. Mke wangu, Nyar Gwasi, alikuwa akipata kuni huko kwa mwendo wa kupika chai. Akaanza kurudi jua likiwa limepinda. Siku moja aliutupa mzigo mbele yangu na kusema, "Ungemwacha mbung'o mmoja alinde kuni." Alikuwa anacheka, lakini si sana.

Baada ya hapo Mzee Oloo alinipa somo lake la mwisho, akiwa karibu kustaafu. "Usikate mti," alisema. "Kata kivuli cha chini. Mbung'o halali juu ya mti, hulala kwenye unyevu wa vichaka. Ukikata mti, umemwita mwenye makaa. Ukifyeka chini tu, umemfukuza mbung'o na mti umebaki."

Sasa nifike kwenye kosa.

Nyumba yetu ya zamani haikuwa hapa nilipo. Ilikuwa chini, karibu na kijito, na mimi nilizaliwa kule nikiwa wa mwisho. Ng'ombe wa baba walianza kufa mmoja mmoja, wamekonda huku malisho yamejaa mdomoni, halafu shangazi yetu akashikwa na malale. Baba akatubeba akatuhamishia mlimani. Nyumba ikaanguka, ua wa ojuok, ule mnyaa wa utomvu mweupe, ukakua mpaka ukawa msitu, lantana ikaingia, na pale pakawa tunapopaita gunda, yaani mahali palipokuwa boma na sasa si boma. Ndani yake liko kaburi la babu. Tulimkimbia mbung'o, na mbung'o akairithi nyumba: kivuli tele, maji karibu, hakuna wa kumwuliza chochote.

Na mimi, mtu wa mbung'o, niliyeingia vichaka vya watu wote na panga la idara, kile cha baba sikukigusa. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Mkubwa ndiye hulima kwanza, hupanda kwanza, huvuna kwanza. Gunda la baba, panga la kwanza ni la ndugu yangu Ochieng', naye alikuwa Awendo akipakia miwa kwenye malori tangu nikiwa shule ya msingi. Nilimtumia ujumbe. Nikatuma tena. Hakuja. Nami nikaweka mitego kuzunguka bonde lote, mstari ukafika kwenye ua wa ojuok ukasimama, ukaendelea upande wa pili. Kwenye ramani yangu ya mkono niliandika hapo: "Makaburi. Hapaingiliki." Tena nilijifariji kwamba kichaka cha baba ni akiba ya miti, nikikumbuka ule upande mwingine. Mtu mvivu hakosi sababu nzuri.

Miaka ikapita, Mzee Oloo akazikwa kwao, nami nikabaki mwenye shingo ya kobe. Ndipo mkaletewa Boke, ambaye wengi wenu mnamjua, binti wa Kikuria kutoka Migori, na ramani yote iko ndani ya simu yake. Wiki ya pili alikuja kwangu na ile simu.

"Mzee, mtego wako wa mwisho, huu karibu na kijito. Unakamata kuliko mingine yote ukiijumlisha. Hapa mbele yake kuna nini?"

"Makaburi."

"Mangapi?"

Nikakohoa. "Moja."

"Kaburi moja limeshika ekari tatu?" Akaniangalia. "Mbung'o hawasomi makaburi, mzee."

"Kwani nyinyi Wakuria hamna mila?"

"Tunazo nyingi tu. Lakini kwetu mila ikiua ng'ombe inaitiwa kikao."

Nilimwambia nitashughulikia. Nikamtumia Ochieng' ujumbe mwingine, nikaenda kula.

Rateng' alikufa mvua za kwanza zikianza kunukia. Min Auma alikuwa amewatayarisha ng'ombe wake kulima. Shamba lake linapakana na gunda, na njia pekee ya ng'ombe wake kwenda majini inapita kando ya ule ua. Alikuja langoni kwangu na nira ya plau begani. Hakuingia. Akaiweka chini miguuni mwangu.

"Chukua, Jamaugo. Lima nayo wewe."

Nikasema pole. Nilisema yale ambayo mtu husema.

"Nimekupa mkojo wa Rateng' tangu akiwa ndama," akasema. "Nimesimama nyuma yake na mkebe kama kichaa. Umetega nzi wa watu wote, wa kwenu ukawafuga. Silwal naye ameanza kudondosha machozi na kukonda. Akienda huyo, sitapanda. Na nisipopanda, wale wajukuu nitawapeleka wakale wapi? Kwa ramani yako?"

Hakulia wala hakupiga kelele. Angelia, ingekuwa rahisi zaidi. Akaondoka, nira ikabaki.

Nilimwita daktari wa mifugo. Alimchoma Silwal sindano, akatazama kule chini, akaniambia, "Leo nimemtibu. Lakini kesho akipita pale pale kwenda kunywa maji, nitakuwa natupa dawa." Silwal alikuwa amesimama mbavu nje, mkia unakwenda kushoto kulia, mguu wa nyuma unapiga tumbo.

Asubuhi iliyofuata nilimshika jogoo mmoja, nikafunga miguu yake, nikamwambia Nyar Gwasi naenda Awendo. Akasimama na mwiko mkononi. "Wewe? Mwenyewe?" Kisha akaingia ndani kunitafutia sweta, kama naenda Ulaya. Nilipanda pikipiki kupitia Ndhiwa, jogoo akilalamika kifuani kwangu, mpaka harufu ya miwa ilipoanza na malori yakawa yanatupita yakimwaga vipande barabarani.

Ochieng' alikuwa amekaa nje ya chumba chake cha kupanga, mikono yake imechanwa na majani ya miwa mpaka inafanana na ubao wa kukatia mboga. Alinitazama, akamtazama jogoo, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine.

"Umekuja na miguu yako?"

"Na pikipiki, owadwa, kaka yangu."

"Hata pikipiki. Mimi najua ukikosa kuona moshi wa jikoni kwako unazimia." Akanivutia kiti. "Keti basi. Nani amekufa?"

"Ng'ombe."

Nikamweleza yote, habari za Rateng', za Silwal, za nira langoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na ule ujumbe wako ulisema nini?"

Nikakumbuka. Kila mara nilimpa dereva wa lori la miwa karatasi, na simu zilipokuja nikamwandikia kwa simu, maneno yale yale: Idara inataka kufyeka gunda, tafadhali njoo utangulie.

"Idara," akasema Ochieng'. "Mimi nilijua idara inaitaka ardhi ya baba, na mdogo wangu amekuwa karani wao. Nikasema nisipokuja, hawataweza. Nimekaa hapa nalinda kaburi la babu kutoka Awendo! Miaka yote nimengoja uje uniambie kwa mdomo wako. Mtu hamwiti ndugu yake mkubwa kwa dereva."

Nilikuwa nimejua njia ya Awendo tangu utotoni. Si mila iliyoacha kichaka kile, wala si Ochieng'. Ni mimi kutotaka kukosa chakula cha mchana.

"Huyo jogoo achinjwe au anarudi?" akauliza.

"Ni wako."

"Basi achinjwe. Njaa haina kinyongo."

Kupanga siku kulichukua muda mrefu kuliko kufyeka. Ochieng' alitaka Jumamosi. Min Auma ni Msabato, akasema siku ya Bwana hashiki panga hata kwa mbung'o. Nikataja Jumapili, mke wangu akanikazia macho, maana sisi ni wa misa. Boke akasema Jumatatu, na kwa kuwa yeye si wetu, tukakubaliana naye sote.

Jumatatu Ochieng' alikuja amevaa viatu vya kanisani. Alisimama mahali palipokuwa lango la baba, ambapo mawe mawili bado yapo. Kisha akainua panga, akakata tawi moja la ojuok, pigo moja tu, maziwa yake meupe yakaruka. Akarudi nyuma, akakaa juu ya jiwe.

"Mkubwa amemaliza," akasema. "Endeleeni. Chai iko wapi?"

Tulifyeka siku nzima, majirani, Boke, mimi, Min Auma mbele yetu sote. Tulifuata somo la Mzee Oloo: lantana na vichaka vyote vya chini vikaondoka, mti wa ng'owo, yaani mkuyu, ukabaki, miti ya siala ikabaki, ya kando ya kijito haikuguswa. Mtu mmoja aliuliza kama shina kubwa la siala linaweza kuwa makaa. Ochieng' hakuinuka hata kutoka kwenye jiwe lake. "Jaribu," akasema, na yule mtu akarudi kwenye lantana. Hapo nikaelewa kwamba mkubwa si panga la kwanza tu. Ardhi yenye mwenyewe aliyeketi juu yake haiwi makaa kirahisi.

Jiwe la mama la kusagia tulilikuta limezama udongoni. Nyar Gwasi alilibeba bila kumwomba mtu. Nami kando ya kaburi la babu nilisimamisha mtego wa buluu, nikapaka grisi, nikaweka mkojo. Mkojo ulikuwa wa Silwal. Min Auma aliuleta kwenye mkebe ule ule, akanipa kwa mkono mmoja.

Siku ya tatu niliposhusha chupa ilikuwa nyeusi, mbung'o wamejaa kama majani ya chai. Nilikaa chini. Hao ndio niliokuwa nimewafuga. Wiki iliyofuata walikuwa nusu ya chupa, halafu wa kuhesabika kwa vidole, halafu nikawa napata mmoja, wakati mwingine hakuna.

Nira niliirudisha kwa Min Auma pamoja na ng'ombe wangu mmoja wa plau, ili Silwal apate mwenzake akipata nguvu. Min Auma alimkagua huyo wangu, akamsukuma ubavuni, naye hakusogea. "Amekurithi," akasema. Walilima polepole, Silwal akipumzika kila mistari michache, na wangu akipumzika kila mstari. Mahindi yake yalikuwa ya mwisho kutoka ardhini kijiji kizima. Lakini yalitoka.

Nilistaafu yakiwa yamefika magotini. Nilimkabidhi Boke mkebe wa grisi na ramani yangu ya mkono. Aliifungua, akaona pale nilipoandika "Hapaingiliki", akaniangalia. Nikampa kalamu, naye akakata neno hilo mbele yangu. Akaniachia lile la makaburi, kwa heshima. Ochieng' naye amerudi Lambwe. Anasema amechoka kulinda kwa mbali.

Jana nilitembea mpaka gunda. Si mbali, na nilikuwa nimeshakula. Silwal alikuwa amelala chini ya mti wa ng'owo, mbavu zimeanza kufunikwa, anacheua. Nikasimama kando ya mtego, na kwa mazoea sikutazama chupa kwanza.

Min Auma akanipazia sauti kutoka kwenye mahindi yake. "Jamaugo! Umestaafu, na bado unahesabu! Unahesabu nini hapo?"

"Mkia."

"Si ni mmoja tu?"

"Ni mmoja," nikamjibu. "Umelala."

Akanyoosha mgongo, akatazama mwenyewe, muda mrefu.

"Basi nenda nyumbani," akasema.